Miguu ya Kadzo

"Paukwa!"

"Pakawa!"

Hiyo pakawa ya wenye usingizi mimi siitaki. Sogezeni kuni, mketi vizuri. Paukwa!

"Pakawa!"

Haya, sasa mpo.

Hapo zamani za kale, watu na wanyama walipokuwa bado wakisalimiana njiani, alikuwako mama mmoja jina lake Mbeyu, msuka mikeka. Alikuwa na binti mmoja tu, Kadzo, wa miaka saba, mtoto wa mbio na kelele. Mwaka ule mvua zilikosa. Ghala zikabaki na panya, kisha panya nao wakahama.

Siku moja Kadzo alirudi kutoka kuokota kuni, akaanguka mlangoni. Akatapika, macho yakamzunguka, miguu ikalegea kama ukindu uliolowa. Baada ya siku mbili akainuka, akacheza. Siku ya tano akaanguka tena. Akainuka, akaanguka, akainuka, akaanguka. Mtoto akakonda, na mama naye akakonda kwa kumtazama.

Mbeyu akambeba mgongoni hadi kwa Kobe, aliyesifiwa kwa kujua mambo.

"Hodi, babu Kobe! Mwanangu anaumwa, na sijui anaumwa nini."

Kobe hakutoa hata kichwa. Sauti ikatoka ndani ya gamba: "Anakua huyo. Mifupa inanyooka. Yatapita."

"Lakini babu, hujamtazama!"

"Ya nini kumtazama? Nimeshajua."

Mbeyu akarudi nyumbani, akangoja. Hayakupita. Akambeba tena hadi kwa Bundi, kwenye pango la mwamba. Bundi akafumbua jicho moja, la pili likaendelea kulala.

"Kapigwa jicho la husuda," akasema. "Niletee kuku mweusi asiye na doa."

"Lakini bibi, hujamtazama!"

"Ya nini kumtazama? Nimeshajua."

Basi Mbeyu akazunguka vijiji vitatu na mtoto mgongoni akitafuta kuku. Akampata, akampeleka. Bundi akamla. Wiki ile ile Kadzo akaanguka tena, na Mbeyu akarudi mbio pangoni.

"Yule kuku alikuwa na unyoya mweupe chini ya bawa," Bundi akamwambia.

"Ulimla mwenyewe na manyoya yake!"

"Ndiyo maana naujua huo unyoya."

Mbeyu akauma meno, akashika njia ya kwa Korongo. Korongo alikuwa amesimama kwa mguu mmoja kwenye tope, shingo juu, kama mtu anayengoja kusifiwa.

"Mtoto hana kitu, anadeka," akasema Korongo. "Mgonjwa ni wewe mama. Una wasiwasi. Nenda ukapumzike."

"Lakini bwana, hujamtazama!"

"Ya nini kumtazama? Nimeshajua."

Hapo mama wa watu akapasuka.

"Mmeshajua! Nyote mmeshajua! Mmoja anajua mifupa, mmoja anajua husuda, wewe unajua wasiwasi, na mwanangu hata kata ya maji hawezi kuinua! Basi huo ujuzi wenu upikeni mle!"

Korongo alishtuka hata akauteremsha mguu wa pili.

Mbeyu akaondoka. Hakufika mbali, akaketi kando ya njia na mtoto wake. Mara akatokea Nungunungu, naye amembeba mwanawe kifuani, maana mgongoni kwake hapabebeki.

"Mwanao ana nini, mwenzangu?" akauliza Nungunungu.

"Na wewe umeshajua?" Mbeyu akafoka.

"Sijui kitu. Ningejua, ningekuwa natembea na huyu wangu juani? Nakuuliza tu. Huyo wako ugonjwa humwanza vipi?"

Miezi miwili Mbeyu alikuwa akibisha milango, na hakuna aliyemuuliza hivyo.

"Huanza na kizunguzungu," akasema polepole.

"Wangu pia."

"Halafu hutapika."

"Wangu pia!"

"Halafu miguu..."

"Siku gani?" Nungunungu akamkata. "Humshika siku gani?"

Wakavunja vijiti, wakazipanga siku chini, za huyu huku na za yule kule. Zililingana. Zote zilikuwa siku za watoto kwenda kuni bondeni. Mama wawili wakageuka, wakawatazama watoto. Watoto wakatazamana, kisha wakatazama chini.

"Kadzo," akasema Mbeyu, "mnakula nini huko bondeni?"

"Muhogo," Kadzo akanong'ona. "Wa shamba la Ngiri, lile lililoota magugu. Tunautafuna mbichi. Ni mchungu, mama, lakini tulikuwa na njaa."

Ewe! Muhogo mchungu, ule usioliwa mpaka urowekwe na uanikwe, ndio waliokuwa wakiutafuna mbichi!

"Na miezi miwili yote hii hukuniambia?"

"Niliogopa kuitwa mwizi. Na wewe uliniuliza panauma wapi. Hukuniuliza nimekula nini."

Mbeyu akafungua kinywa amfokee mtu, akakosa wa kumfokea. Wengine wote alikwisha kuwafokea, alibaki yeye. Akacheka kicheko kibaya, kikageuka kilio. Nungunungu akataka kumkumbatia, akaikumbuka miiba yake, akamshika mkono tu.

Siku hiyo hiyo wakaenda kwa Ngiri kuomba radhi. "Shamba limenishinda," Ngiri akawaambia. "Chimbeni mnachotaka, mradi mpike." Wakachimba, wakamenya, wakaroweka siku kadhaa, wakaanika juani mpaka ukakauka kau, wakatwanga. Watoto wakala ugali wakashiba, na hakuna aliyetafuna tena muhogo mbichi.

Lakini miguu haikurudi kwa siku moja. Mvua zikanyesha, mtama ukapandwa, ukavunwa, ndipo Kadzo akakimbia tena. Hata hivyo mguu wa kushoto uliendelea kuburutika kidogo mpaka alipokuwa mtu mzima.

Na Mbeyu? Asubuhi humuuliza, "Umekula nini?" Mchana humuuliza, "Umekula nini?" Jioni humuuliza, "Umekula nini?"

"Aka, mama!" Kadzo hupiga kelele. "Nimekula ulichonipakulia wewe mwenyewe!"

"Jibu tu, mwanangu."

Ngano yangu imekomea hapo. Mwenye yake na atie kuni.