Sala ya Mwenyekiti Kiboko

Paukwa.
Pakawa.
Pakawa na shule.
Shule ya nani?
Ya wote.
Ya wote hasa?
Ya wote, na Mwenyekiti wake ni Kiboko.
Basi tumeelewa. Endelea.

Hapo kale wanyama wa bondeni na wa mlimani walijenga shule. Nungunungu alichimba msingi, Nyati alikanyaga udongo, Kima aliezeka paa, Pimbi alisomba kokoto. Kiboko hakubeba hata unyasi mmoja, kwa hiyo akachaguliwa kuwa Mwenyekiti wa Kamati ya Shule. Langoni palitundikwa ubao wenye maneno haya: SHULE HAINA DINI. WANAFUNZI WANAZO.

Kiboko aliusoma ubao ule akasikitika. Alisema kwamba shule isiyo na dini ni kama mtoto asiye na nguo, na yeye, kwa huruma, ataivika nguo zake. Nguo zake zilikuwa dini ya Mto, ambayo viboko waliirithi kwa babu zao. Hakuna aliyepinga, maana Kiboko alisema hayo huku akipiga miayo, na wote waliyaona meno.

Tangu siku hiyo, kila asubuhi kengele ilipolia nge, nge, nge, wanafunzi walipanga mstari uwanjani na kuweka vikapu vyao vya chakula mbele ya Kiboko ili avibariki. Kiboko akasema, fumbeni macho. Wakafumba. Akasema, inamisheni vichwa. Wakainamisha. Akasema, asifumbue mtu mpaka niseme Amina. Hakufumbua mtu. Kisha ikasikika sauti: kwachu, kwachu, kwachu. Amina. Walipofumbua macho, kikapu cha Swala hakikuwa na matembele, kikapu cha Kima hakikuwa na ndizi, na Nungunungu alikuwa amebakiwa na maganda ya mihogo.

"Mto umepokea," alisema Kiboko, akipangusa midomo.

Mwalimu Mkuu alikuwa Korongo, msomi wa kuaminika. Kila alipoulizwa maoni yake juu ya jambo hili alisimama kwa mguu mmoja. Wa pili aliukunja tumboni, tayari kuuweka upande utakaoshinda.

Mlimani waliishi pimbi. Si panya: panya ana mkia, pimbi hana. Pimbi wana desturi mbili. Ya kwanza, hawafumbi macho wote kwa pamoja; mmoja hubaki anaangalia, kwa ajili ya tai. Ya pili, kila asubuhi huota jua juu ya jabali, na hawaondoki upesi.

Siku moja, wakati wa sala uwanjani, zamu ya kuangalia ilimwangukia mtoto aitwaye Tatu, binti wa Bi Pimbi. Akaangalia juu, hakuona tai. Akaangalia chini, akamwona Mwenyekiti amezamisha kichwa kikapuni mpaka masikioni. Kwa sauti ya mtoto aliyefundishwa kutoa taarifa, akasema, "Anayepokea ni Mwenyekiti."

Tatu alifukuzwa siku hiyo hiyo kwa kosa la kuona wakati wa ibada. Aliambiwa hatarudi darasani mpaka mama yake apige magoti mbele ya Kamati na kukiri kwamba pimbi ni vipofu. Katika ukoo ule hakuna aliyewahi kujua kusoma kabla ya Tatu, na Tatu alikuwa amebakiza kurasa nne tu amalize kitabu cha kwanza. Mama mtu hakulia. Alipanda jabalini, akaota jua, akafikiri. Kisha akashuka kwenda kwenye Kamati.

"Shikamoo, Mwenyekiti."

"Marahaba, Bi Pimbi. Magoti yako wapi?"

"Nimekwisha kupiga, Mwenyekiti. Kimo changu ndicho kinachokudanganya."

Kisha akaisifu sala ya Mto. Alisema ina upungufu mmoja tu: inawafunga watoto peke yao. Kiboko alichukizwa. Alisema sheria yake inamfunga kila mtu, na yeyote atakayeiacha sala kabla ya Amina hana nafasi katika shule ile, hata awe yeye mwenyewe. Bi Pimbi akamwomba Mwalimu Mkuu ayaandike hayo. Korongo akayaandika.

Ndipo Bi Pimbi akataja, kama aliyekumbuka tu njiani, kwamba mlimani wana sala ya Jua. Sala hiyo ina sadaka ya matikiti maji arobaini, na mgeni wa heshima huyala yote, ila baada ya Amina. Shule ikikubali kuisali mara moja, yeye atakiri lolote watakalo.

"Dini zote ni ndugu," alisema Kiboko, mate yakimchuruzika. "Jumatatu."

Jumatatu matikiti yalipangwa juu ya jabali lililo mbele ya madarasa. Watoto walikuja na vikapu vyao. Bi Pimbi akawaambia kwamba kwa Jua, aliyelazimishwa hahesabiwi. Waende darasani wakasome, na vikapu vyao wavichukue. Wakaingia. Akabaki Kiboko, kwa hiari yake, kando ya matikiti. Akafumba macho kama alivyozoea.

"Fumbua, Mwenyekiti. Sala yetu husaliwa macho wazi. Tunaangaliana."

Basi wakaangaliana. Pimbi ishirini walimwangalia Kiboko, Kiboko akayaangalia matikiti, na wanafunzi wakawaangalia wote kupitia madirishani. Jua likapanda.

"Amina bado?" aliuliza Kiboko.

"Bado, Mwenyekiti. Jua ndiyo kwanza limefika kwenye mti."

Jua likapanda. Ngozi ya Kiboko ikakauka, ikaanza kutoa jasho jekundu.

"Amina bado?"

"Bado, Mwenyekiti. Limefika kwenye paa."

Jua likapanda. Mgongo ukapasuka, ta, ta, ta, kama chungu kikavu.

"Amina husemwa lini, mama?"

"Kivuli chako kikiingia chini ya tumbo lako. Na tumbo lako ni pana, Mwenyekiti. Tusubiri."

Kiboko hakusubiri. Aliruka kutoka jabalini, pu, akatimua vumbi hadi mtoni, chubwi, akazama mpaka puani. Wanafunzi wote walihesabiwa kuwa mashahidi. Korongo alitazama mtoni, akatazama jabalini, akaushusha ule mguu wa pili. Akasoma kwa sauti yale aliyoyaandika: atakayeiacha sala kabla ya Amina hana nafasi katika shule hii.

Kutoka majini Kiboko akatangaza kwamba amefikiri sana, na sala ni jambo la mtu na nyumba yake. Shuleni watoto wasome. Bi Pimbi akauliza, na Tatu je? Kiboko akasema arudi, arudi, mradi lile jua lisitajwe tena.

Tatu alirudi, akamaliza zile kurasa nne. Matikiti hayakupokelewa na Mto. Yalipokelewa na watoto. Tangu hapo Kiboko hushinda majini mchana kutwa, macho na pua nje, akisali kivyake. Na langoni, chini ya ubao wa zamani, Kamati ikatundika mwingine: UHURU WA KUSALI ULILETWA HAPA NA MHESHIMIWA KIBOKO.

Nimeishia hapo. Ikiwa ni tamu, gawaneni sawasawa; ikiwa ni chungu, mpelekeeni Mwenyekiti.

Na funzo lake, watoto, ni hili: mkubwa akisema fumbeni macho, fumbeni barabara. Na vikapu vyenu viwekeni mbele.