Kisu cha Kabichi Siku Jua Lilipopatwa

Sikieni sauti hii kwanza, wapendwa. Ni usiku, saa nane na kitu, watu wamelala, na nyuma ya nyumba moja, karibu na tenki la maji, kuna mtu anatapika huku amejiziba kinywa kwa khanga ili asisikike. Anatapika, anatulia, anasikiliza kama kuna aliyeamka, anamwagia majivu pale chini, kisha ananyata kurudi ndani na kulala ubavuni mwa mumewe kana kwamba hakutoka. Hiyo ndiyo sauti. Ikumbukeni, maana tutairudia.

Alikuwa mke kijana, mwaka wa tatu tangu aolewe, amemaliza kidato cha nne, anaishi na mumewe nyumbani kwa mama mkwe katika kijiji kimoja cha mashamba ya mpunga. Mimba mbili zilishamtoka. Ya kwanza hakuna aliyejua. Ya pili alimwambia mama mkwe, na mama mkwe, ilipoharibika, kwa uchungu wake akaipeleka kwenye maombi ya akina mama ya Alhamisi: mwombeeni mkwe wangu, tumbo halishiki. Wakaomba, siwezi kusema hawakuomba. Lakini tangu siku ile kila aliyekutana naye kisimani alimtazama tumbo kwanza ndipo uso, na salamu zote zikawa na kimkia nyuma, vipi, bado? Kwa hiyo hii ya tatu, ya wiki tisa, aliapa moyoni ataibeba kimya mpaka ijiseme yenyewe. Hata mumewe hakumwambia.

Na ndiyo wiki hiyo jua lilikuwa limetangazwa kupatwa.

Kijiji chao kilikuwa mahali ambapo mwezi ungekaa katikati ya jua kabisa na kuacha pete ya moto pembeni. Wageni wakaanza kuja na magari na darubini, mwalimu wa jiografia akapewa kipaza sauti, miwani ya karatasi ikagawiwa, na akina mama wa kanisa wakapewa kazi ya kupika chakula cha mchana pale pale uwanja wa shule. Wote. Hakuna wa kubaki.

Sasa huko kwao walikuwa na mwiko. Jua likipatwa, mwenye mimba hujifungia ndani mpaka litoke, na asiguse kisu wala wembe, la sivyo mtoto atazaliwa na alama, au hatazaliwa. Vijana walikuwa wanaucheka mwiko huo. Mama Tupokile, jirani yao, ambaye mdomo wake haukuwa na mlango, alisema jioni wakisugua masufuria kwamba kesho zahanati wapumzike na vipimo vyao, maana atakayejifungia ndani tutajua, tutampelekea uji. Wakacheka wote. Yule mke kijana naye akacheka, tena kwa sauti kuliko wenzake.

Mnaiona hesabu aliyokuwa akiipiga usiku ule? Akibaki ndani, kijiji kizima kitajua kabla ya saa sita. Akienda, na ikitokea kama zile mbili, atajilaumu maisha yake yote. Alikuwa amesoma. Alijua mwezi ni jiwe na kivuli ni kivuli, angeweza hata kuwachorea ubaoni. Lakini niambieni, ni nani kati yetu hofu yake ilikwenda shule?

Akaenda.

Mama mkwe wake, waliyemwita Mama Lugano kwa jina la mwanawe, mume wa huyu binti, alitangulia tangu alfajiri, na miwani ya karatasi kaipandisha kwenye paji la uso juu ya kilemba. Miwani ile aliihifadhi mwezi mzima katikati ya kitabu chake cha nyimbo. Kila mtu alijua kwa nini. Jua lilipopatwa mara ya mwisho, miaka arobaini iliyopita, alikuwa bibi harusi mwenye mimba ya huyo Lugano, na mama mkwe wake mwenyewe alimfungia ndani kwa komeo. Alisikia watu wanapiga kelele nje, wanaitana, njoo uone, njoo uone, na yeye ameketi gizani anatazama mlango. Alishawaambia wote kwamba safari hii hata awe kitandani watambeba, jua lile ataliona, maana jingine halitamkuta hai.

Basi. Wamefika uwanjani, turubai kuukuu limefungwa juu ya mafiga, watu kama mchanga, na kazi zinagawanywa. Yule mke kijana akapewa kabichi. Kabichi magunia mawili, na kisu.

Angekataa aseme nini? Akakishika. Akakata ya kwanza, akakata ya pili, na mwalimu kwenye kipaza sauti akasema sasa mwezi umeanza kulimega jua, vaeni miwani, na vipande vyake vikaanza kutoka vinene kama viatu.

Mama mkwe akaja nyuma yake. Akasimama. Akasema mbele ya wote, bila hata kushusha sauti:

"Hii ndiyo kabichi, au unalisha ng'ombe? Lete kisu. Shule yote ile hawakukufundisha kukata kabichi. Haya, kaa huko nyuma yangu uchambue mchele, jiwe nadhani utalijua."

Akina mama wakaangua kicheko. Mama Tupokile akasema mama mkwe kama huyu, bora kuishi na simba. Yule binti akahisi uso unawaka, akavuta ungo, akaketi nyuma ya mgongo mpana wa mama mkwe, chini ya turubai, ameinama, na machozi yakawa yanadondokea mchele. Aliwaza, hata leo, hata leo amenifanya kichekesho.

Hewa ikapoa. Mwanga ukawa wa ajabu, si wa jioni wala si wa mawingu. Akina mama wakaacha moto wakakimbilia uwanjani, wakaita, Mama Lugano, njoo, linakwisha. Akajibu nakuja, nimalize hii. Wakaita tena. Akajibu nakuja. Na hakunyanyuka. Alikata kabichi ameligeuzia jua mgongo, miwani iko pale pale kwenye paji la uso, na khanga yake ya juu ameipanua kama pazia kati ya uwanja na binti aliyeketi nyuma yake.

Ndipo binti akaanza kuelewa. Akanong'ona:

"Mama, nenda. Umelisubiri miaka arobaini."

"Nikiondoka hapa watauliza kwa nini wewe huji. Nikikaa, ni kabichi tu."

"Kwani mama unaamini ule mwiko?"

"Siamini. Lakini wewe unaogopa."

Uwanja mzima ukanyamaza. Maelfu ya watu, kimya, nyuso juu. Pete ilikuwa imetimia. Binti alikuwa amefumba macho, na alipoyafumbua aliona kwenye ungo, juu ya mchele, pete ndogo ndogo za mwanga, kumi, ishirini, zimepenya kwenye matundu ya lile turubai kuukuu na kutulia pale kama zimemwagwa. Kwanza alitaka kuusukuma ungo. Kisha, sijui ni nini, hofu ikamwachia taratibu kama mtu anavyoachia kamba, akausogeza mbele, kando ya goti la mama mkwe. Yule mama akaacha kukata. Akazitazama mpaka zilipoanza kuharibika umbo. Akafuta pua kwa mgongo wa mkono, akarudi kwenye kabichi yake.

Wapendwa, mtaniuliza alijuaje. Si niliwaambia mkumbuke sauti? Chumba cha mama mkwe ndicho kilichopakana na tenki la maji. Alisikia usiku wa kwanza, akasikia wa pili, akasikia wa tatu. Na wewe pia umewahi kusikia kitu. Sisi sote humu tumesikia: mlango wa jirani uliogongwa vibaya, mtoto wa fulani anayelia kila usiku, shemeji aliyerudi na begi. Swali si kama tumesikia. Tulikifanya nini tulichosikia? Mara ngapi tumesimama hapa Alhamisi tukasema naomba tumwombee dada yetu, nisitaje jina, lakini ana duka pale kona? Tunaita ombi. Na kufika jioni ombi limeshapita nyumba kumi na mbili.

Na mtu akituambia anaogopa, tunamfanyaje? Tunamsomea mstari, tunamwambia imani yake haba, mwenye elimu atamwambia ni sayansi tu. Huyu mama hakubishana na hofu ya mtu. Alichukua kisu. Akakubali aonekane mkwe mkali, akakubali pete ya miaka arobaini ipite nyuma ya mgongo wake, ili mwingine asionekane. Nadhani Mungu hutufunika hivyo mara nyingi kuliko tunavyojua, na siku ile ile sisi tunalia kwamba ametuaibisha.

Kulipopambazuka tena na majogoo kuwika mara ya pili kwa siku moja, watu wakaanza kurudi mafigani wakisimuliana. Kabla hawajafika, yule mama aliinama kama anayeokota kabichi iliyoanguka, akamwambia mkwe wake sikioni:

"Ile nyingine niliipeleka Alhamisi. Nilidhani naomba, kumbe nilikuwa natangaza. Unisamehe, mwanangu. Hii nimeshamwambia Mungu. Simwambii mtu mwingine."