Nyani, Mgeni Rasmi wa Ziwani

— Mpo?
— Tupo!
— Masikio mmekuja nayo?
— Tumekuja nayo!
— Na aliyeyaacha nyumbani?
— Shauri yake!

Haya. Palikuwa na Pimbi, mnyama mdogo kama kiatu, akiishi na mama yake kwenye mawe ya mlimani. Nyuma ya mlima kulikuwa na ziwa, na kando ya ziwa kulikuwa na kibanda cha mbao. Kibanda kilikuwa cha wanyama wote. Ukitaka kupumzika unabeba chakula chako, unakwenda, unalala, unarudi. Chakula lazima ubebe, maana kule ni hifadhi, hakuchumwi hata jani. Nani aliweka sheria hiyo mimi sijui, msiniulize.

Mama Pimbi alikuwa hajawahi kuliona ziwa, na macho yake yalikuwa yameanza kuingia ukungu.

"Mwanangu," akasema, "nipeleke nikalione ningali naona."

"Nitakupeleka, mama."

Wakapanga safari. Wakafunga karanga, wakafunga viazi vitamu. Mara, pu! pu! pu! Nyani huyo, kifua mbele, meno nje.

"Nasikia harufu ya safari. Nami nimo! Leteni kikapu, nitabeba mimi."

Nani amkatalie Nyani na meno yale? Akabeba. Kufika bondeni, kikapu kitupu. Wakarudi na njaa zao.

Wakapanga tena. Wakafunga ndizi, wakafunga mahindi. Pu! pu! pu! "Nami nimo! Leteni kikapu." Kufika bondeni, kitupu. Wakarudi. Njiani Mama Pimbi akajikwaa kwenye jiwe lililokuwa mbele yake, mchana kweupe. Pimbi aliona, na ilimuuma sana.

Wakapanga mara ya tatu. Kikapu hata hakijafungwa, pu! pu! pu! Nyani kakidaka.

"Nami nimo!"

"Umo, mzee, tena sana," Pimbi akasema. "Safari hii wewe ndiye mgeni rasmi."

Nyani akasita. Hajawahi kuitwa hivyo.

"Mgeni rasmi anakula nini?"

"Anakula wa kwanza, na fungu kubwa."

"Anabeba nini?"

"Habebi kitu. Umemwona wapi mgeni rasmi na kikapu?"

Kweli, hajamwona. Akakiweka kikapu chini.

"Basi twende!"

"Lo, mzee! Mgeni rasmi afike kabla ya watu? Watadhani ni mpishi. Sisi tunatangulia, tunafagia, tunapanga viti. Kila kitu kikiwa tayari, unaitwa. Itifaki, mzee."

"Itifaki," Nyani akakubali, ingawa hakujua huyo ni mnyama gani. "Nionje karanga kidogo, basi?"

"Mgeni rasmi anaonja jikoni?"

Nyani akaona haya. Akapanda juu ya jiwe kubwa, akakaa, akakunja mikono, akaanza kungoja.

Pimbi na mama yake wakaondoka, tipu tipu tipu. Wakapita bondeni, kikapu kizito vilevile. Wakafika. Mama Pimbi akatia mguu mmoja majini, chubwi. Akatia wa pili, chubwi.

"Kumbe ni kubwa hivi!" akasema, akalia. Pimbi naye akalia. Kisha wakala viazi.

Huku mlimani akapita Kanga.

"Bwana Nyani, mbona huendi ziwani?"

"Siendi. Nitaitwa."

"Wenzio wanakula, nimewaona."

"Wanaonja chumvi tu. Itifaki."

Akapita Swala.

"Bwana Nyani, mbona huendi ziwani?"

"Siendi. Nitaitwa."

"Wenzio wameshiba, wamelala."

"Wamechoka kupanga viti. Itifaki."

Jua likawaka, jiwe likawa la moto, tsss! Nyani hakuinuka. Mgeni rasmi hainuki ovyo.

Pimbi na mama yake walikaa ziwani mpaka chakula kikaisha, wakarudi. Wakamkuta Nyani palepale, amekonda, mate yamemkauka.

"Mmekuja kunichukua?"

"Shughuli imekwisha, mzee. Imefana! Kiti chako tulikiweka mbele kabisa."

Nyani akatoa meno. Pimbi akarudi nyuma, akasimama mbele ya mama yake.

"Na nani alikikalia?" Nyani akanguruma.

"Nani athubutu? Kilikaa kitupu mpaka mwisho."

Nyani akafikiri. Meno yakarudi ndani.

"Kitupu? Mbele kabisa?"

"Mbele kabisa. Na kabla ya kila tonge tulikutaja."

Hapo Pimbi hakusema uongo. Kabla ya kila tonge mama yake alisema, "Afadhali Nyani hayupo."

"Na safari ijayo?" Nyani akauliza.

"Ni wewe tena, mzee. Nani mwingine?"

Nyani akafurahi mno. Akajigeuza akae vizuri zaidi, na Mama Pimbi, na macho yake yale, akaona: makalio hayakuwa na unyoya hata mmoja. Jiwe limeyamaliza. Mtazameni nyani leo, nyuma yuko vilevile. Ukimuuliza atakwambia ni alama ya cheo.

Funzo la ngano hii ni kwamba wakubwa wapewe heshima yao, na mtu asitie tonge kinywani mpaka mgeni rasmi afike.

— Masikio yenu yachukueni!
— Tumeyachukua!
— Na aliyesinzia?
— Shauri yake!