Cha Bure cha Bwana Mhando

Kisa hiki alikisimulia kwanza shangazi Mashavu, mwenye zahanati pale Maramba, kwenye arobaini ya babu, Aprili 2019.

Binti yake Sikudhani alimwandikia tajiri Mhando wa Tanga programu ya kutunza kumbukumbu za wagonjwa. Akamwomba zahanati ndogo zipewe bure.

"Bure? Hata mama yako atanunua," alijibu Mhando. "Na msimbo, yale maandishi yanayoiunda programu, ufungwe, asiuone mtu."

"Sawa, bosi. Ila sehemu ya kutafutia majina itachukua miezi sita kuiandika. Mtandaoni ipo maktaba ya programu, yaani msimbo wa kazi hiyo ulioandikwa tayari, wenyewe wameitoa bure. Nikusomee masharti ya leseni yake?"

"Masharti husoma maskini. Ichukue."

"Basi niandikie dokezo, nisije nikalaumiwa."

Mhando akacheka, akaandika: "Itumie. Cha bure hakina mwenyewe." Akapiga na mhuri.

Programu ilipotoka, mteja wa kwanza alikuwa shangazi. Wiki iliyofuata alirudi ofisini kwa Mhando na nakala ya dokezo, kapewa na bintiye.

"Nimekuja kuchukua msimbo wote, baba."

"Una wazimu, mama?"

"Mimi maskini, nimesoma masharti. Anayeichanganya maktaba hii na programu yake akaiuza, sharti ampe mnunuzi msimbo wa programu nzima, na mnunuzi ana ruhusa ya kumgawia amtakaye. Ukikataa, wenyewe watakushtaki, na mhuri ni wako."

Zahanati kumi na nne ziliipata programu hiyo bure mwezi uleule.

Shangazi alifariki mwaka 2022. Sikudhani yupo Korogwe. Mhando naye yu hai, na siku hizi husoma hata maandishi ya kiberiti.