Jani Lisilo na Harufu

Paukwa!

Pakawa!

Sogeeni. Nanyi watu wazima mlio nyuma, msijifanye hamsikii. Hii inawahusu zaidi.

Hapo zamani za kale siafu walikuwa na jeshi, na jeshi lilikuwa na mahakama. Mahakama iliweza kusema, "Fulani afe." Lakini hakatwi mtu hivi hivi. Kwanza jani lipelekwe shimoni kwa Mama Siafu, malkia wao. Akikubali, analipaka harufu yake. Jani likirudi bila harufu, hakuna hukumu.

Siku moja askari Sikitu aliacha lindo. Alisikia maji, bwa! bwa! bwa! Akakimbia kuwaonya wenzake.

Jemadari Kibano akafoka, "Umeacha lindo! Ufe!"

Mahakama ikaitika, "Afe!"

Tarishi Upesi akabeba jani, akashika njia. Chapu, chapu, chapu.

Sikitu akawekwa chini ya mzizi. Siku ya kwanza, akatazama njia. Siku ya pili, akatazama njia. 

Siku ya tatu Jemadari akasema, "Nimechoka kungoja. Mkateni."

"Jani halijarudi, Jemadari!" Sikitu akalia. "Nakuomba, ngoja mpaka jua lizame!"

"Jani ni jani tu. Mkateni!"

Askari wakatazamana. Waliogopa. Atakayekataa atakatwa yeye.

Kacha!

Hapa nami huogopa, kila nikisimulia.

Jua halijazama, chapu, chapu, chapu! Upesi huyo, na jani lake. Wakalinusa. Wakalinusa tena. Halina harufu.

"Mama anasema mwachieni," Upesi akahema. "Maji yalifika kweli. Yuko wapi Sikitu?"

"Tumemkata kwa hukumu," akasema Jemadari.

"Hukumu ipi? Hapakuwa na hukumu. Mmeua," akasema Upesi.

Askari wakatanua taya. Wakamzunguka Jemadari, taratibu, taratibu.

"Msinikate!" akapiga kelele. "Pelekeni jani kwa Mama! Sheria inasema mngoje!"

Wakasimama. Upesi akachuma jani jipya, akaenda. Jemadari akawekwa chini ya mzizi uleule. Siku ya kwanza, akatazama njia. Siku ya pili, akatazama njia. 

Basi jueni: hukumu ya kifo isiyothibitishwa na mwenye mamlaka si hukumu, ni mauaji. Na anayeidharau sheria leo, kesho ataililia.

Hadithi yangu imeishia hapo, chini ya mzizi. Msiniulize kama jani limerudi. Nami naitazama njia.