Pimbi, Kiboko na Nati Yenye Rangi

Paukwa!

— Pakawa!

Pakawa nini?

— Tuambie wewe, mwenye maneno!

Pakawa pikipiki. Kaeni vizuri basi, na wewe mwenye simu sikioni, izime. Hadithi yangu sisemi mara mbili.

Hapo kale, lakini si kale sana, maana petroli ilikuwepo, aliishi Kiboko. Duka la pikipiki lilikuwa lake, na gereji ilikuwa yake. Tumbo lake kubwa, sauti yake kubwa, na tamaa yake ilishinda vyote viwili.

Kila pikipiki aliyoiuza aliitia tone la rangi nyekundu kwenye nati ya kumwaga oili, ile ya chini ya injini. Kisha humwambia mnunuzi: "Sevisi ni kwangu tu. Ukifungua nati hii mwenyewe, rangi itapasuka. Rangi ikipasuka, pikipiki inarudi kwangu. Haya, weka alama ya kucha hapa." Wanyama wakaweka, maana nani husoma karatasi siku ya pikipiki mpya?

Pimbi naye akaweka. Pimbi mnamjua, kale kanyama kadogo ka kwenye mawe, hakana mkia wala makuu. Pikipiki ndiyo ilikuwa shamba lake. Akibeba abiria, watoto wanakula; asipobeba, wanatazamana.

Mwezi wa kwanza Pimbi akapeleka pikipiki sevisi. Kiboko akaiingiza nyuma ya bati. Kong! Kong! Kong! "Tayari, kijana. Oili mpya. Lipa." Pimbi akalipa, akaondoka: tu-tu-tu-tu.

Mwezi wa pili akaipeleka. Kong! Kong! Kong! "Tayari, kijana. Oili mpya. Lipa." Pimbi akalipa, akaondoka: kho-kho-kho-kho.

Mwezi wa tatu akaipeleka. Kong! Kong! Kong! "Tayari, kijana. Oili mpya. Lipa." Pimbi akalipa, akaondoka: kwara-kwara-kwara, na moshi mweusi juu. Abiria wake, Bi Kanga, akashuka njiani akikohoa.

"Baba Pimbi, hii ni pikipiki au jiko la kuni?"

Pimbi akalala chini ya injini, akatazama. Rangi ni ile ile. Buibui amefuma utando juu ya nati, amestarehe kama mwenye nyumba. Kumbe nyuma ya bati Kiboko alikuwa akipiga debe tupu! Pimbi alikasirika mpaka meno yakagongana. Lakini afanyeje? Akifungua nati, pikipiki inachukuliwa. Asipofungua, injini inakufa. Akishtaki, Kiboko atasema, "Rangi hiyo nimeipaka upya juzi."

Akapanda juu ya jiwe, akafikiri. Aliposhuka alikuwa anacheka, akashika njia ya gereji.

"Shikamoo, mzee Kiboko."

"Marahaba. Nini tena, pikipiki imekufa?"

"Haijafa, mzee. Sisi waendesha bodaboda tumekusanya matikiti maji, mkokoteni mzima. Tutamzawadia fundi ambaye rangi yake imedumu kuliko zote. Nyani wa ng'ambo anasema yake imekaa miezi miwili bila kuguswa. Nikamwambia, basi chukua wewe, maana mzee wetu huipaka upya kila sevisi."

Kiboko akameza mate: gluu! "Nani apake upya? Nyani huyo ana rangi gani? Twende!"

Wakaenda uwanjani. Waendesha bodaboda wote wamekaa, na matikiti yamepangwa, mengine yamekwisha kupasuliwa, mekundu, yanachuruzika. Harufu ikamfikia Kiboko mapema kuliko akili.

"Tazameni!" akanguruma, akiinamia pikipiki ya Pimbi. "Rangi hii niliipaka siku ya kuuza. Miezi mitatu! Haijapasuka, haijaguswa, haijapakwa tena!"

"Nati haijafunguliwa hata mara moja, mzee?" akauliza Pimbi kwa adabu.

"Hata mara moja! Naapa kwa meno yangu!"

"Na pikipiki za hawa wenzangu?"

"Zote! Hakuna nati hata moja iliyofunguliwa!"

Kobe, aliyekuwa mkubwa wao kwa umri, akanyoosha shingo polepole.

"Mzee… ile oili ya zamani… ulikuwa ukiitolea wapi?"

Kiboko alipoona wanyama wanainuka, akatimua mbio: di! di! di! Chubwi! mtoni. Ndiyo maana mpaka leo hutoa macho na pua tu, na akisikia pikipiki anazama.

Karatasi zikachanwa, matikiti yakaliwa. Pimbi akaazima spana, akafungua nati mwenyewe, oili ikatoka nyeusi, nzito kama uji wa ulezi. Akatia mpya. Tu-tu-tu-tu! Watoto wakashangilia. Wenzake nao wakajifunza, ingawa Kobe alimaliza akiwa na nati mbili mkononi, akasema zilikuwa za ziada.

Hadithi yangu imezima injini hapo. Anayetaka kuisukuma, aisukume mpaka kwake.

— Na funzo lake?

Funzo lake ni hili: kila kazi na fundi wake. Usiguse nati usiyoijua. Peleka gereji, lipa, kaa nje, usichungulie. Mnacheka nini? Ile gereji ya pale kona ni yangu, na nina watoto sita.