Kamba ya Nyuma ya Machela

Anayezuia nyuma naye hubeba. Mmeisikia leo kwa baba yenu mdogo, mkacheka, mkaniuliza mtu anayezuia anabeba nini. Sogeeni basi, wajukuu zangu.

Methali hii ilianza hivi. Huko juu Upare, kabla ya barabara, mgonjwa alishushwa zahanati kwa machela: kitanda cha kamba kilichofungwa kwenye miti miwili mirefu, kikabebwa na wanaume wanne. Kwenye mteremko, mtu wa tano alishika kamba iliyofungwa nyuma ya machela, akaivuta kuelekea juu.

Siku moja Nakiete alishikwa na uchungu wa kuzaa, na mtoto alikuwa amekaa vibaya. Mumewe, Mcharo, akabeba mbele. Kamba ya nyuma ilishikwa na jirani yao mjane, Mama Mbonea. Alikuja bila kuitwa, akamfunika mgonjwa kwa kanga yake mwenyewe.

Mvua ilikuwa imenyesha, njia inateleza. Kila mkewe alipolia, Mcharo alitaka kukimbia, na kila mara aliisikia ile kamba ikimrudisha.

"Mama Mbonea, sisi tunakwenda mbele, wewe unarudi nyumbani?"

Wenzake wakacheka. "Labda ameacha maharage jikoni!"

"Nashindana na mlima, baba, si na wewe," akajibu. "Mlima unaivuta machela chini, mimi naivuta juu. Tukitoshana, mtakwenda mwendo mmoja."

"Mlima upi unaovuta? Tangu tutoke machela inakwenda taratibu tu!"

Ni kweli ilikwenda taratibu. Ilikwenda hivyo kwa sababu mivuto miwili ilikuwa sawasawa, Mcharo akadhani hakuna anayevuta ila yule mama. Akaomba waitue machela, akaenda nyuma, akaifungua kamba na kuitupa.

Walipoondoka tena, hazikupita hatua nyingi uzito ukaanza kuwasukuma mgongoni. Wakatembea haraka, kisha wakakimbia, wala hawakuweza kusimama. Mbele njia ilikata kona, na chini ya kona ni korongo. Nakiete akapiga kelele. Mama Mbonea akawakimbilia, akazidaka ncha za miti kwa mikono mitupu, akakaa kitako kwenye mawe na matope. Akaburutwa. Mwendo ukapungua, wakasimama ukingoni.

Wakaitua machela.

"Lete ile kamba, baba," Mama Mbonea akasema, akihema. "Ifunge tena. Mkeo anasubiri."

Mcharo akairudia kamba, akafunga fundo, asithubutu kumtazama.

Nakiete alijifungua salama zahanati. Mkunga alipotoka na kuuliza kama kuna aliyeumia njiani, Mama Mbonea akaficha mgongoni viganja vyake vilivyochunika. Hakutaka Mcharo aulizwe kitu siku aliyopata mtoto. Mcharo akaona. Laiti angetukanwa! Tusi angelijibu, lakini wema ule hakujua aufanye nini. Akasimama pale kama mtu aliyevuliwa nguo sokoni.

Waliporudi kijijini, wazee wakawapokea. "Hongereni, vijana. Watu wanne, na njia ile!"

"Tulikuwa watano," akasema Mcharo, uso umeinama. "Mama Mbonea nilimcheka, nikaifungua kamba yake. Wazee wangu, anayezuia nyuma naye hubeba."